Udongo Uliojenga Miji ya Kwanza

  Mwenye ramani ya dunia na aifungue mahali penye Iraki na Misri, maana huko ndiko tuendako leo.

Nataka kuanza na jambo ambalo huenda umelisikia kijijini kwako. Watu wamekutana kuzungumza juu ya kujenga darasa. Mmoja anasema, "Udongo tunao. Tupige matofali, tuanze." Mwingine anasimama na kumjibu, "Nyumba ya udongo si nyumba. Tungoje saruji." Mkutano unagawanyika, mwaka unapita, na watoto wanaendelea kusomea chini ya mwembe. Mimi sitawaamulia watu wa kijiji hicho, kwa sababu kila mahali pana mvua yake na udongo wake. Lakini neno lile, "Nyumba ya udongo si nyumba," laweza kupimwa kwa historia. Basi leo tutalipima.

NCHI ISIYO NA MAWE

Tazama ramani. Mito miwili mikubwa, Tigris na Frati, inashuka kutoka milima ya Uturuki, inapita katika Iraki, kisha inaingia katika Ghuba ya Uajemi. Wayunani wa kale waliiita nchi hii Mesopotamia, maana yake ni nchi iliyo kati ya mito. Upande wake wa kusini walikaa Wasumeri, na huko ndiko kulikozuka baadhi ya miji ya kwanza kabisa duniani. Mji mmoja, Uruk, ulikuwa na maelfu mengi ya watu hata kabla ya mwaka 3000 K.K., na baadaye ukazungushiwa ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita 9.

Sasa jiulize: watu hawa walijenga kwa kitu gani? Nchi yao ni uwanda mtupu. Haina mawe ya kujengea karibu, wala misitu ya miti mirefu. Ina vitu vitatu kwa wingi, navyo ni udongo ulioletwa na mito, matete ya majimajini, na jua kali. Mtende pia upo, lakini ubao wake ni dhaifu.

Basi walianza na vile walivyokuwa navyo. Palipo na majimaji walikata matete, wakayafunga mafungu manene, wakayasimika katika mistari miwili na kuyapinda juu hata yakakutana. Hapo nyumba imepata mbavu zake, na juu yake wakatandaza mikeka ya matete. Picha za nyumba za namna hii zimechongwa kwenye vyombo vya mawe vyenye umri wa miaka 5,000 hivi, na watu wa majimaji ya kusini mwa Iraki wanajua kujenga nyumba za matete hata leo.

Miti ya kuezekea majengo makubwa ilibidi itoke mbali. Gudea, mtawala wa mji wa Lagash, yapata mwaka 2100 K.K., aliandika kwa fahari jinsi alivyoleta mierezi kutoka milima ya magharibi ili ajenge hekalu. Na shida hii ya miti katika nchi za Ghuba haikwisha upesi. Zaidi ya miaka 3,000 baada ya Gudea, katika karne ya 10 ya baada ya Kristo, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za bandari ya Siraf, pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa misaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Boriti za mikoko ziliendelea kusafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hata karne ya 20. Kwa hiyo mtu aliyekaa Ghuba katika chumba chembamba alikaa katika upana wa boriti iliyokatwa kwetu, maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa mti unaobeba dari.

KUPIGA TOFALI

Lakini mwili wa miji ile ulikuwa udongo. Nawe, msikilizaji, kama umewahi kupiga matofali, hutaona ugeni wowote katika kazi yao.

Waliuchimba udongo, wakaumwagia maji, wakaukanyaga kwa miguu. Waliuchanganya na mabua yaliyokatwakatwa. Kwa nini mabua? Kwa sababu udongo unapokauka hujikunja, na unapojikunja hupasuka. Mabua huushika pamoja ili ukauke bila nyufa kubwa. Wengi wenu mmesoma katika kitabu cha Kutoka habari za Wana wa Israeli waliolazimishwa kupiga matofali Misri bila kupewa majani. Sasa mnaona adhabu ile ilikuwa nzito kwa sababu gani: mabua yalikuwa sehemu ya tofali lenyewe, na kuyatafuta kulikuwa kazi nyingine juu ya kazi.

Kisha waliutia udongo katika kalibu ya mbao isiyo na kitako, wakaulainisha juu kwa mkono, wakaiinua kalibu, tofali likabaki chini juani. Baada ya siku kadhaa waligeuza upande wa pili. Wasumeri walikuwa na mwezi mmoja katika mwaka ulioitwa mwezi wa matofali, nao uliangukia katika Mei na Juni. Haukuchaguliwa ovyo. Wakati huo mafuriko ya mito yamepungua, shayiri imevunwa na mabua yapo tele, na kiangazi kirefu kinaanza.

Paa lao lilikuwa bapa. Walilaza magogo ya mitende, wakatandika matete na mikeka, kisha wakashindilia udongo juu yake. Msikilizaji wa Dodoma au Singida atasema, "Hiyo ni tembe." Naam, kwa jinsi ya ujenzi inafanana sana na tembe. Hakuna haja ya kusema kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Watu wenye udongo, jua na mvua chache hufikia jibu la kufanana.

ADUI WA UDONGO

Udongo una adui mmoja mkubwa, nalo ni maji. Tofali bichi likikauka ni gumu, hubeba ghorofa. Likilowa hurudi kuwa tope. Maji huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya juu, yaani mvua. Ya pili ni ya chini, na hiyo husahaulika. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia katika ukuta, na katika nchi kama Iraki hupanda pamoja na chumvi. Maji yanapokauka chumvi hubaki, huvimba, na kuulamba ukuta karibu na ardhi mpaka unakuwa mwembamba kama shina lililoliwa na mchwa.

Watu wa Mesopotamia walimjua adui huyu vizuri, wakampinga kwa njia nyingi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kila nyumba: kukandika upya. Ukuta ulipakwa tope jipya lenye mabua, na paa likashindiliwa tena. Nyumba ilipochoka kabisa, hawakuhangaika kuubeba udongo wake kuupeleka mbali. Waliibomoa, wakasawazisha, wakajenga mpya juu yake. Kizazi baada ya kizazi mji ulipanda. Ndiyo sababu Iraki na nchi jirani zimejaa vilima ambavyo havikuumbwa na Mungu wala mto, bali ni nyumba juu ya nyumba. Kilima cha Erbil, kaskazini mwa Iraki, kina urefu wa kati ya mita 25 na 32, na watu wamekaa juu yake kwa maelfu ya miaka.

Njia ya pili ilikuwa moto. Udongo ukichomwa katika tanuri kwa joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi hubadilika kabisa, wala hauwezi kurudi kuwa tope. Lakini tanuri hutaka kuni, na tumekwisha kuona kwamba nchi ile haikuwa na kuni. Kwa hiyo tofali la kuchoma lilikuwa ghali, likawekwa tu mahali palipohitajiwa kweli, kama vile katika mifereji, sakafu za nje, na nyuso za majengo makubwa. Badala ya chokaa, mara nyingi waliyaunganisha matofali hayo kwa lami, ambayo huchuruzika yenyewe kutoka ardhini huko Hit, kando ya Mto Frati.

Mfano ulio bora ni mnara wa mji wa Ur. Uliojengwa na mfalme Ur-Nammu, yapata mwaka 2100 K.K., na kumalizwa na mwanawe Shulgi. Ulikuwa mlima wa ngazi, na juu yake palikuwa na hekalu la mungu wa mwezi. Kitako chake kina urefu wa zaidi ya mita 60 na upana wa zaidi ya mita 40. Ndani yote ni matofali mabichi. Nje umevikwa koti la matofali ya kuchoma lenye unene wa karibu mita 2 na nusu, yaliyoshikwa kwa lami.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa pana akili kubwa. Katika koti lile gumu waliacha matundu, mistari kwa mistari, yanayoingia mpaka kwenye udongo wa ndani. Leonard Woolley, aliyechimba magofu ya Ur kutoka 1922 hadi 1934, aliyaona. Yalikuwa ya nini? Maelezo yaliyo wazi ni haya: udongo wa ndani una unyevu, na unyevu ule lazima upate njia ya kutoka. Ukiufungia ndani, utavimba na kulipasua koti. Mafundi wale hawakuufunika udongo tu. Waliufunika na kuuachia pumzi. Nakuomba ulikumbuke jambo hili, kwa sababu mbele kidogo nitakueleza jinsi mimi mwenyewe nilivyolisahau.

Njia ya tatu ilikuwa kuweka matandiko ya matete katikati ya safu za matofali, ili yashike jengo na kuligawanya sawasawa lisipasuke. Huko Aqar Quf, karibu na Baghdad, upo mnara uliojengwa na mfalme Kurigalzu katika karne ya 14 K.K. Koti lake limekwisha toweka, lakini kiini chake cha matofali mabichi bado kimesimama zaidi ya mita 50 juu ya ardhi. Ukikisogelea utaona mistari ya matete ikitokeza ukutani, baada ya miaka zaidi ya 3,300.

Na njia ya nne ilikuwa wajibu. Mfalme Nabonido wa Babeli, katika karne ya 6 K.K., aliutengeneza upya mnara wa Ur, akaandika kwamba anaendeleza kazi ya Ur-Nammu na Shulgi. Wakati huo mnara ulikuwa na umri wa miaka 1,500. Hakuna jengo la udongo linaloishi miaka 1,500 kwa nguvu zake peke yake. Huishi kwa mikono ya watu.

SHERIA YA FUNDI

Watu wasiojali nyumba hawatungi sheria za nyumba. Yapata mwaka 1750 K.K., mfalme Hammurabi wa Babeli alichonga sheria zake katika nguzo ya jiwe jeusi, na baadhi yake zahusu mafundi wa kujenga. Fundi aliyemaliza nyumba alistahili kulipwa shekeli 2 za fedha kwa kila sari moja ya nyumba, yaani eneo la karibu mita 36 za mraba. Lakini haki ile ilikuwa na upande wa pili. Kama ukuta ulianza kuinama kwa sababu fundi hakuujenga sawasawa, alipaswa kuuimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Na kama nyumba ilianguka ikamwua mwenye nyumba, fundi naye aliuawa.

Adhabu hiyo ni kali mno kwetu. Hata hivyo tazama maana yake. Karibu miaka 3,800 iliyopita serikali ilikwisha kusema kwamba nyumba ya udongo inaweza kujengwa vizuri au vibaya, na kwamba aliyeijenga vibaya hawezi kuusingizia udongo.

MISRI: JIWE LA MUNGU, UDONGO WA MFALME

Huenda msikilizaji mmoja anasema, "Lakini Wamisri walijenga kwa mawe." Ni kweli. Piramidi kubwa la Giza, kaburi la mfalme Khufu, lilijengwa yapata mwaka 2560 K.K., na lilipokamilika lilifikia mita 146 kwenda juu. Inakadiriwa kwamba lina mawe milioni 2 na laki 3. Misri ina milima ya mawe pande zote mbili za Mto Naili, na mto wenyewe ulibeba mawe kwa mashua.

Lakini Wamisri nao walianza na matete na udongo. Jengo kubwa la kwanza la mawe ya kuchonga ni piramidi la ngazi la mfalme Djoser huko Sakara, yapata mwaka 2650 K.K., na sifa ya kazi hiyo hupewa waziri wake, Imhotep. Ukiyatazama mawe ya majengo yale utashangaa. Mengi ni madogo, kama kwamba waashi walikuwa bado wanafikiri kwa kipimo cha tofali. Nguzo zimechongwa zionekane kama mafungu ya matete, na dari moja limechongwa lionekane kama magogo. Mikono ilikuwa imeshika jiwe, lakini macho yalikuwa bado yanakumbuka nyumba ya zamani.

Tena jiwe lilikuwa kwa miungu na kwa wafu, maana wao walihitaji nyumba ya milele. Walio hai walikaa katika udongo, naye Farao alikuwa miongoni mwao. Jumba la mfalme Amenhotep wa Tatu huko Malkata, ng'ambo ya Luxor, lilijengwa kwa matofali mabichi, kuta zake zikapakwa na kupambwa kwa picha. Mtu tajiri kuliko wote katika nchi yake alilala ndani ya kuta za udongo wala hakuona haya.

Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa karne ya 15 K.K., zipo picha za wapiga matofali. Mmoja anachota maji bwawani, mwingine anachanganya udongo kwa jembe, mwingine ameinama na kalibu yake, na matofali yamepangwa safu kwa safu yakauke. Picha ile ungeweza kuibandika darasani kwenu, na watoto wangekuambia mara moja ni kazi gani inayofanyika.

Na udongo wa Misri umedumu. Huko Abidos upo ua uliojengwa kwa matofali mabichi na mfalme Khasekhemwy, yapata mwaka 2700 K.K. Sehemu za ukuta wake zimesimama hata leo kwa urefu wa zaidi ya mita 10. Ni za zamani kuliko piramidi lolote. Luxor zipo ghala za nafaka za Ramses wa Pili, za karne ya 13 K.K., ambazo paa zake ni matofali mabichi yaliyopindwa kama upinde, bila mti hata mmoja. Zimedumu kwa sababu mafundi walijua kazi, na kwa sababu mvua ya huko ni haba sana. Ujenzi huo huo ukiuweka Bukoba au Zanzibar bila kinga, hautafika mbali. Hii ndiyo sababu nilisema tangu mwanzo kwamba kila mahali pana mvua yake.

WALIOCHOMA MATOFALI YAO

Sasa twende mashariki kidogo, mpaka bonde la Mto Indus, katika Pakistani ya leo. Hapo, kutoka yapata mwaka 2500 K.K., ulistawi mji uitwao Mohenjo-daro. Watu hawa walikuwa na kuni, nao walichoma matofali kwa wingi sana. Tena walikuwa na kipimo kimoja: kama unene wa tofali ni 1, upana ni 2, na urefu ni 4. Walijenga visima, vyumba vya kuogea, na mifereji ya maji machafu kando ya njia. Walikuwa na birika kubwa lenye urefu wa karibu mita 12 na upana wa mita 7, likazibwa kwa lami lisivuje. Mahali penye maji mengi walijua kwamba tofali bichi halifai.

Lakini tofali la kuchoma lina adui wake pia, naye ni binadamu. Kwa kuwa ni gumu, kila mtu hulitaka. Katika karne ya 19 wajenzi wa reli walichukua matofali ya mji wa kale wa Harappa, ndugu wa Mohenjo-daro, wakayafanya kokoto za kutandika reli. Huko Babeli, mnara mkubwa ambao watu wengi huuhusisha na habari za Mnara wa Babeli ulinyang'anywa koti lake lote la matofali ya kuchoma. Leo pamebaki shimo la mraba lenye maji kuzunguka kiini cha udongo. Nyumba nyingi za mji wa Hilla, ulio jirani, zilijengwa kwa matofali yenye muhuri wa mfalme Nebukadneza. Kilichokuwa imara kimechukuliwa, na kilichokuwa dhaifu ndicho kilichobaki mahali pake.

KOSA LANGU

Sasa nitatimiza ahadi yangu. Baba yangu alijenga nyumba ya matofali mabichi katika Mkoa wa Dodoma kabla mimi sijazaliwa. Kila mwaka baada ya mvua, mama yangu aliizunguka na karai la udongo, akaziba na kukandika. Mimi nilikuwa mtoto, nikamsaidia kwa kununa.

Nilipopata stashahada yangu na mshahara wa kwanza, niliona haya kuwaona wazazi wangu katika nyumba ya tope. Sikuwa na fedha ya kujenga mpya, basi nikanunua mifuko ya saruji, nikamwita fundi, akapiga lipu nje na ndani. Nyumba iling'aa. Majirani walinisifu. Nilimwambia Mama, "Sasa pumzika. Kazi ya kukandika imekwisha."

Mvua ya kwanza ilipita, na ya pili. Baada ya mvua ya tatu, usiku mmoja, ukuta wa chumba cha Mama ulianguka. Mungu alisaidia, kwa kuwa usiku ule alikuwa amekwenda kulala kwa dada yangu aliyejifungua. Asubuhi tuliona vipande vya lipu vikiwa vizima kama mabamba, na nyuma yake udongo umelowa kama uji. Maji yalikuwa yameingia katika nyufa ndogo na kupanda kutoka chini, na yakishaingia hayakuwa na njia ya kutoka. Nililivika jengo koti gumu bila matundu. Mafundi wa Ur wasingefanya kosa hilo, nami nilikuwa nimesoma habari zao chuoni.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Zamani nilikuwa nikiuona ukuta unapoanza kuumwa. Ulipoufunika, sikuuona tena."

Sisemi kwamba saruji ni mbaya. Juu ya tofali la saruji au la kuchoma ni nzuri. Nasema kwamba nilichukua dawa ya ukuta mmoja nikampa ukuta mwingine, na sababu yangu haikuwa elimu bali aibu.

TURUDI MKUTANONI

Basi turudi kwa wale watu wa kijiji wanaobishana. Neno lile, "Nyumba ya udongo si nyumba," tumelipima, nalo si kweli. Miji ya kwanza ilikuwa ya udongo, na Farao alilala katika udongo. Lakini neno la yule mwingine, "Udongo tunao, tuanze," nalo halitoshi. Wenzetu wa kale hawakuanza kwa kuwa udongo upo tu. Walijua mwezi wa kupiga, walijua kipimo cha mabua, walijua maji yatapita wapi, na walijua ni nani atakayekandika mwakani.

Kwa hiyo, kama mnakusudia kujenga kwa udongo, ulizaneni kwanza maswali haya. Je, msingi utakuwa wa mawe, ili unyevu usipande? Je, paa litakuwa na upenu mrefu, ili mvua isipige ukuta? Je, tutaukandika kwa kitu kinachopatana na udongo, ili ukuta uweze kukauka? Na kila mwaka baada ya mvua, zamu itakuwa ya nani? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kijiji kinachoweza kulijibu, tena kwa majina, kinaweza kujenga kwa udongo. Kisichoweza kulijibu, hata saruji itakishinda, ila itachukua muda mrefu zaidi kuonekana.

Ama nyumba ya wazazi wangu, tuliubandua lipu wote, tukaujenga upya ukuta ulioanguka juu ya msingi wa mawe, tukaongeza upenu. Likizo yangu sasa huipanga baada ya mvua. Mama amezeeka, hukaa kitini akionyesha kwa fimbo mahali palipobaki, nami ndiye ninayeshika karai.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini Wasumeri walitumia tofali la kuchoma mahali pachache tu?
2. Matundu katika mnara wa Ur yalikuwa na kazi gani?
3. Kwa nini ghala za Luxor zimedumu, ingawa ni za matofali mabichi?
4. Tembeeni pamoja, mtazame nyumba tatu za kijijini kwenu. Maji yanaingia wapi katika kila moja, na mwenye nyumba anayazuia kwa njia gani?
5. Waulizeni wazee: zamani hapa kwenu kukandika kulikuwa kazi ya nani, na kulifanywa mwezi gani?

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo tulipofikia. Kwaherini, na kazi njema.